Lahani ya Usemi: Maisha na Kazi ya Leoš Janáček, 1854–1928

Utangulizi

Historia ya taaluma ya lugha haikuandikwa na wanaisimu peke yao. Wamo ndani yake wamisionari, makarani, washairi na waimbaji, watu waliosikiliza lugha kwa haja zao wenyewe na ambao, katika kuzitimiza haja hizo, waliyasikia mambo ambayo wataalamu walikuwa hawajayatilia maanani. Mmoja wao ni Leoš Janáček, mtunzi wa muziki na mwongozaji wa kwaya na okestra kutoka Moravia, sehemu ya mashariki ya nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Kwa miaka ipatayo thelathini alitembea na kijidaftari mfukoni, akiandika kwa nota za muziki maneno aliyoyasikia sokoni, barabarani, katika vituo vya reli na hata nyumbani kwake. Maandishi hayo, ambayo yamebaki kwa maelfu, aliyaita kwa Kicheki *nápěvky mluvy*, yaani lahani za usemi: namna sauti ya mtu inavyopanda na kushuka anapozungumza, pamoja na urefu na ufupi wa silabi zake.

Janáček aliamini kwamba katika lahani hiyo hukaa nafsi ya msemaji, na kwamba lahani haitenganishwi na lugha iliyoizaa. Hata hivyo, jina lake lilivuka mipaka ya nchi yake kwa sababu kazi zake zilitafsiriwa. Kwa hiyo maisha yake yanazua swali linalomhusu kila mwanafunzi wa lugha, wa Kiswahili akiwamo: ni kitu gani katika usemi wa mtu kinachoweza kuhamia lugha nyingine, na ni kitu gani kinachobaki nyumbani?

Utoto na malezi

Janáček alizaliwa tarehe 3 Julai 1854 katika kijiji cha Hukvaldy, karibu na mpaka wa Kipolandi, wakati Moravia ilipokuwa chini ya Dola ya Austria. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya kijijini, na kama ilivyokuwa desturi ya walimu wa huko, alifundisha pia muziki na kupiga kinanda kanisani. Watoto walikuwa wengi na kipato kilikuwa kidogo. Mwaka 1865, alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, kijana huyo alipelekwa katika mji wa Brno kuwa mwimbaji katika kwaya ya monasteri ya Waagustino. Ni monasteri ile ile ambamo Gregor Mendel alifanya majaribio yake ya njegere yaliyokuja kuweka msingi wa elimu ya urithi. Mwaka uliofuata baba yake alifariki. Tangu hapo kijana alilelewa na muziki wa kanisa, chini ya mtawa na mtunzi Pavel Křížkovský.

Jambo moja la utoto huo lina uzito kwa mwanaisimu. Lahaja ya eneo la Hukvaldy hutofautiana na Kicheki sanifu katika mkazo na katika urefu wa irabu. Kicheki sanifu huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya neno na hutofautisha irabu ndefu na fupi. Lahaja ya kwao Janáček huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kipolandi na kama Kiswahili, na irabu zake zote ni fupi. Mtoto aliyetoka kwenye usemi huo akaingia Brno alilazimika kusikia kwamba neno lile lile huweza kuwa na mwendo mwingine. Pengine hapo ndipo sikio lake lilipoanza kuzoezwa.

Mwongozaji katika mji wa lugha mbili

Brno ya wakati huo ilitawaliwa na Kijerumani. Kijerumani kilikuwa lugha ya halmashauri ya mji, ya viwanda na ya mabwana, ilhali Kicheki kilikuwa lugha ya vijiji vilivyouzunguka mji na ya vibarua waliokuja kutafuta kazi. Tofauti hiyo ilionekana hata katika majumba ya maonyesho. Jumba la Wajerumani, lililofunguliwa mwaka 1882, liliwashwa taa za umeme za Edison tangu siku ya kwanza. Wacheki walipata jumba lao miaka miwili baadaye, nalo lilikuwa dogo, na okestra yake haikutimia.

Katika mazingira hayo Janáček alianza kazi yake kama mwongozaji. Mwaka 1873 alipewa kuongoza kwaya ya Svatopluk, chama cha mafundi na wafanyakazi wa Kicheki. Baada ya mwaka mmoja wa masomo katika Shule ya Kinanda ya Praha, alichukua mwaka 1876 uongozi wa chama kikubwa zaidi cha Beseda. Huko aliunganisha kwaya na okestra na kuwaongoza Wacheki wa Brno katika kazi ambazo hapo awali hawakudhaniwa kuziweza, kama vile *Requiem* ya Mozart mwaka 1878 na *Missa solemnis* ya Beethoven mwaka 1879. Alisoma kwa muda mfupi Leipzig na Vienna, akarudi, na mwaka 1881 akaanzisha Shule ya Kinanda ya Brno, ambayo aliiongoza hadi mwaka 1919.

Mwaka huo huo wa 1881 alimwoa Zdenka Schulzová, msichana ambaye alikuwa hajatimiza miaka kumi na sita, binti wa mkuu wa chuo cha ualimu alichofundisha Janáček. Zdenka alikuwa amelelewa kwa Kijerumani. Mume alitaka nyumba izungumze Kicheki. Mgogoro wa mji ukaingia hivyo ndani ya nyumba, na ndoa yao haikupata utulivu wa kudumu. Walizaliwa watoto wawili, Olga mwaka 1882 na Vladimír mwaka 1888. Mvulana alifariki akiwa na umri wa miaka miwili.

Kutoka wimbo wa kijiji hadi usemi wa barabarani

Mwishoni mwa miaka ya 1880 Janáček alishirikiana na František Bartoš, mwalimu na mtaalamu wa lahaja za Moravia, katika kukusanya nyimbo za vijijini. Matunda ya ushirikiano huo ni pamoja na mkusanyo mkubwa wenye nyimbo zaidi ya elfu mbili, uliotolewa kati ya mwaka 1899 na 1901, ambao Janáček aliuandikia utangulizi mrefu. Kazi hiyo ilimfikisha kwenye wazo lililobadili maisha yake. Aliona kwamba nyimbo za Moravia hazikutungwa kwa kufuata vipimo vilivyo sawasawa. Ziliufuata mwendo wa maneno. Kama wimbo ulizaliwa na usemi, basi mtunzi anayetaka kujifunza kutunga hana budi kwanza kujifunza kusikiliza watu wanavyosema.

Kuanzia mwaka 1897 hivi alianza kuandika lahani za usemi kwa utaratibu. Kila moja aliiandikia maneno yake, na mara nyingi aliongeza nani alisema, wapi na katika hali gani. Salamu moja iliyotamkwa na watu wawili ilipata nota mbalimbali. Salamu ya mtu yule yule, asubuhi akiwa mchangamfu na jioni akiwa amechoka, nayo haikuwa moja. Kwa lugha ya isimu ya leo, Janáček alikuwa akichunguza kiimbo katika muktadha, miaka mingi kabla uwanja huo haujapata jina na vifaa vyake. Katika miaka ya 1920 alitumia hata chombo cha Hipp, saa yenye uwezo wa kupima sehemu ndogo mno za sekunde, ili kujua silabi hudumu kwa muda gani.

Njia yake ilikuwa na upungufu, nao hauna budi kutajwa. Mistari mitano ya nota iliundwa kwa ajili ya sauti zinazosimama mahali pamoja, ilhali kidatu cha usemi huteleza bila kusimama. Aliandika kwa sikio na kwa kumbukumbu, na mtu mwingine hakuweza kurudi kuyahakiki aliyoyasikia. Zaidi ya hayo, alikuwa mwepesi wa kusoma tabia nzima ya mtu katika maneno matatu. Mwanaisimu wa leo mwenye kinasa sauti na programu ya kompyuta hawezi kuyachukua maandishi yale kuwa data timilifu. Thamani yake iko mahali pengine: yanaonyesha kwamba tangu hapo zamani usemi wa kawaida wa muuza mboga ulistahili kusikilizwa kwa makini yale yale yanayopewa maandiko matukufu.

Jenůfa

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, inafaa kukumbuka hali ya opera ya Kicheki. Bedřich Smetana, anayehesabiwa kuwa baba wa muziki wa taifa hilo, alisoma kwa Kijerumani, na maneno ya opera zake mbili mashuhuri, *Dalibor* na *Libuše*, yaliandikwa kwanza kwa Kijerumani kisha yakatiwa katika Kicheki kwa kufuata vipimo vya shairi la Kijerumani. Matokeo yake ni kwamba mkazo wa muziki na mkazo wa neno uliweza kupishana. Wataalamu walilijadili tatizo hilo.

Janáček alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1894 alianza kutunga opera juu ya tamthilia ya Gabriela Preissová inayohusu maisha ya kijiji cha Moravia. Ni kisa cha msichana aliyezaa nje ya ndoa, na mama yake wa kambo, mwanamke mcha Mungu na mwenye kuheshimiwa, ambaye anamwua mtoto mchanga ili kuinusuru heshima ya binti. Badala ya kuyageuza maneno ya tamthilia kuwa ushairi, mtunzi aliyachukua kama yalivyo, kwa lugha ya nathari. Hakuzibandika lahani za kijidaftarini mwake ndani ya opera. Watafiti wamebainisha kwamba alizitumia kuzoeza sikio, kama mchoraji anavyochora mikono mia moja kabla ya kuchora mtu mmoja.

Kazi hiyo ilimchukua miaka tisa. Ilipokaribia kwisha, Olga, mtoto pekee aliyebaki, alirudi nyumbani akiwa mgonjwa wa homa ya matumbo. Alifariki tarehe 26 Februari 1903 akiwa na umri wa miaka ishirini. Katika siku zake za mwisho baba yake aliandika kwa nota maneno yake na kuhema kwake. Tendo hilo limewatatiza wengi: mtu anawezaje kushika kalamu kando ya kitanda cha mwanawe anayekata roho? Lakini kwa mtu aliyeamini kwamba katika lahani ya usemi ndimo iliyomo nafsi, hapakuwa na picha nyingine ya kubaki nayo. Opera ilimalizika mwezi uliofuata, na aliitunuku kwa Olga.

*Jenůfa* ilionyeshwa mara ya kwanza Brno tarehe 21 Januari 1904 na ikapokewa vizuri. Praha iliikataa. Mkuu wa opera katika Jumba la Taifa, Karel Kovařovic, alikuwa yeye mwenyewe mtunzi, na mwaka 1887 Janáček alikuwa ameihakiki opera yake mojawapo kwa maneno makali. Hivyo mtu aliyekuwa na umri wa miaka hamsini, mwenye kazi bora mkononi, alibaki mwalimu wa mji wa pembezoni.

Tarehe 1 Oktoba 1905

Wacheki wa Brno walikuwa wakidai chuo kikuu kwa lugha yao. Wajerumani wa mji walipinga. Tarehe 1 Oktoba 1905 pande zote mbili ziliandamana, na askari walioletwa kutuliza ghasia walimchoma kwa singe kibarua kijana aliyeitwa František Pavlík, akafa. Janáček alitunga sonata ya piano yenye jina la tarehe hiyo. Muda mfupi kabla ya onyesho la kwanza mwaka 1906, kwa kutoridhika nayo, aliichoma sehemu ya tatu. Baadaye alizitupa mbili zilizobaki katika mto Vltava. Zilisalimika kwa sababu mpiga piano Ludmila Tučková alikuwa amezinakili.

Kwa wasomi wa lugha za Afrika ya Mashariki, ambako lugha ya kufundishia elimu ya juu imejadiliwa tangu uhuru, tukio hilo halihitaji ufafanuzi mrefu. Linakumbusha kwamba mjadala wa lugha ya chuo kikuu haukuwa kila mahali mjadala wa mezani. Sonata ile haina hata neno moja. Lakini iliandikwa kwa ajili ya mtu aliyeuawa kwa sababu ya maneno: maneno ambayo watoto wa vibarua wangefundishiwa.

Tafsiri na umaarufu

Mlango wa Praha ulifunguka tarehe 26 Mei 1916, baada ya marafiki wa Janáček kuomba kwa miaka mingi. Kovařovic aliiongoza *Jenůfa* mwenyewe, kwa sharti la kuifanyia mabadiliko katika upangaji wa ala na kukata baadhi ya sehemu. Watu waliijaa. Miongoni mwa walioiona ni mwandishi Max Brod, yule aliyekuja kuyaokoa maandishi ya Franz Kafka. Brod, Myahudi wa Praha aliyeandika kwa Kijerumani, aliitafsiri opera hiyo. Kwa tafsiri hiyo ikaonyeshwa Vienna mwaka 1918, na mwaka 1924 Berlin na New York.

Hapo ndipo fumbo linapodhihirika. Muziki uliozaliwa na mkazo wa silabi ya kwanza na irabu ndefu za Kicheki uliimbwa sasa kwa lugha yenye utaratibu mwingine, tena lugha ile ile ambayo mtunzi alipambana nayo maisha yake yote. Ilibidi nota fulani zigawanywe na nyingine ziunganishwe ili maneno ya Kijerumani yapate nafasi. Janáček alilikubali jambo hilo kwa sababu alijua kwamba bila ya Kijerumani sauti yake isingevuka Moravia.

Je, nadharia yake ilikanushwa na mafanikio yake? Jibu linataka kutofautisha mambo mawili. Yako yale ya lugha mahususi: mahali pa mkazo, urefu wa irabu, umbo la silabi. Hayo hayakuhamia. Na yako yale ya msemaji: kusita, kukatiza, kurudia neno kwa hofu, kunyamaza ghafla. Hayo yalihamia kwa kiasi kikubwa, maana hofu na aibu husitisha sauti katika lugha nyingi. Msikilizaji wa Vienna hakuisikia Moravia yote, lakini alimsikia mama aliyeua.

Historia iliyofuata inathibitisha kwamba sehemu iliyobaki nyumbani nayo haikuwa ndogo. Charles Mackerras, mwongozaji aliyesoma Praha na kuiongoza *Káťa Kabanová* London mwaka 1951 kwa Kiingereza, alitumia miongo mingi kuyaondoa marekebisho ya wengine na kuzirudisha opera hizo katika sura aliyoiacha mtunzi. Rekodi yake ya *Jenůfa* ya mwaka 1982 iliimbwa kwa Kicheki. Tangu tafsiri zilipoanza kuonyeshwa kwa maandishi juu ya jukwaa katika miaka ya 1980, majumba mengi makubwa yamezoea kuziimba kazi hizo kwa lugha yake. Tafsiri ilifungua mlango, kisha wageni wakajifunza kuitaka sauti ya asili.

Miaka ya mwisho

Uhuru wa Chekoslovakia mwaka 1918 ulimkuta Janáček na umri wa miaka sitini na minne, na hapo ndipo kazi zake kubwa zilipofuatana: *Káťa Kabanová* mwaka 1921, opera ya mbweha mjanja iliyotokana na hadithi ya gazetini mwaka 1924, kisha *Sinfonietta* na *Kisa cha Makropulos* mwaka 1926. Misa yake, iliyoimbwa Brno mwaka 1927, ilitumia Kislavoni cha kale, lugha ambayo haikuwa tena lugha mama ya mtu yeyote. Opera yake ya mwisho aliitunga kwa kusoma moja kwa moja Kirusi cha Dostoevsky, akitafsiri kadiri alivyotunga. Mtu aliyeshikamana na lugha ya kwao hakujifungia ndani yake. Alifariki katika mji wa Ostrava tarehe 12 Agosti 1928 kwa homa ya mapafu.

Funzo kwa taaluma ya Kiswahili

Kiswahili kina haja ya sikio la namna hiyo. Wanafunzi wote wanajua kwamba mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwamba mfano wa *barabara* huonyesha jinsi kuhama kwa mkazo kunavyobadili maana, kutoka njia ya kupita hadi sawasawa. Wanajua pia kwamba kauli *Juma amekuja* huwa taarifa au swali kwa kiimbo peke yake, bila neno kuongezwa wala kuhamishwa. Lakini kati ya taarifa na swali kuna mshangao, kejeli, kusihi na kukata tamaa, na kila kimoja kina lahani yake, ambayo bila shaka si moja kwa Mvita, Unguja, Bara na Kongo.

Nyimbo za kanisani zilizotafsiriwa ni ushahidi wa gharama ya kutosikiliza. Mistari mingi ya nyimbo za Kiingereza huishia kwenye silabi yenye mkazo, na tuni zake huishia kwa nota ndefu na nzito. Neno la Kiswahili lenye silabi zaidi ya moja kwa kawaida huishia kwenye silabi isiyo na mkazo. Mfasiri aliyehesabu silabi tu aliutua uzito wa tuni mahali ambapo lugha hupumua. Waumini waliimba hivyo kwa vizazi, na wakazoea. Watunzi wa Afrika ya Mashariki waliotunga wenyewe kwa Kiswahili, hasa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa 1962–1965, walipata nafasi ya kuuanza wimbo kutoka kwenye neno, kama Janáček alivyofanya.

Hitimisho

Chuo kikuu alichokifia Pavlík kilianzishwa Brno mwaka 1919, kikapewa jina la Rais Masaryk. Tarehe 28 Januari 1925 kilimtunuku Janáček shahada ya udaktari ya heshima, ya kwanza katika historia yake. Mtoto wa mwalimu wa kijijini, aliyekuja mjini na lafudhi ya kwao, alisimama katika ukumbi ambamo Kicheki kilikuwa sasa lugha ya elimu. Aliifurahia sana shahada hiyo, na tangu hapo alipenda kuiandika mbele ya jina lake. Vijidaftari havikuwekwa kando. Aliendelea kusikiliza na kuandika hadi mwaka aliofariki.